Barua kwa mwanangu kuhusu zile saa tisa

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, mama yako hajambo, shangazi yako wa Barabara ya Nane hajambo ila goti lake lile lile. Ujumbe wako nimeusoma kimya, kisha nikausoma kwa sauti mama yako asikie. Umeuliza: "Baba, nikiacha uhandisi wa umeme nikaingia historia, hapa hapa MIT, nitakuwa nimeitupa nafasi?" Mama yako kasema mjibu mtoto, ndiyo au siyo, usimzungushe. Lakini kila nikishika kalamu naona kuna swali linalotangulia hilo na hukuliuliza: historia utaisomaje, mahali ambapo jirani zako wote wanafanya mahesabu usiku kucha? Hilo ndilo ninaloliweza, maana miaka yote niliyofundisha Stadi za Mawasiliano kwa vijana wa ufundi ndilo nililokuwa nikishughulika nalo. Lako tutalifikia.

Kanuni za masomo za MIT, hicho chuo chenu cha teknolojia huko Marekani, ulizonitumia nimezipitia ukurasa kwa ukurasa. Watu huku wakisikia chuo cha teknolojia hudhani masomo ya insia, yaani historia, lugha, falsafa na mengine ya namna hiyo, yamepachikwa tu, kama ya kupumzishia akili. Kanuni zenu zinasema vingine. Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe wa injini za ndege au wa kompyuta, lazima apite masomo 8 ya insia, sanaa na sayansi za jamii. Ndani ya hayo 8, walau moja liwe la insia, moja la sanaa na moja la sayansi za jamii, na 3 au 4 yawe ya eneo moja ulilolichagua, ili usiishie kuonjaonja. Halafu kuna sharti la uandishi: masomo 2 ya insia yenye uandishi mzito, na mengine 2 ya namna hiyo ndani ya kozi yako mwenyewe. Na mtu wa historia naye haponi. Kalkulasi mihula 2, fizikia mihula 2, kemia, biolojia, na maabara juu yake. Akimaliza hupewa shahada ya sayansi hata kama tasnifu yake yote ni ya mambo ya karne ya 19. Kwa hiyo hofu yako kwamba ukihama utakuwa umeipa sayansi mgongo, iweke kando. Chuo chenyewe hakikupi ruhusa hiyo.

Na hayo hayakuja kwa bahati. Baada ya vita vya pili walimu wa hapo walikaa kujiuliza wanatoa watu wa namna gani. Kamati yao iliongozwa na Warren Lewis, ambaye alikuwa mhandisi wa kemikali, wala hakuwa mtu wa ushairi. Ripoti ikatoka 1949, na 1950 ikaanzishwa shule kamili ya insia na masomo ya jamii, ikakaa sawa na ile ya uhandisi na ile ya sayansi. Nakuambia hili ili ukikaa kwenye semina usijione mgeni wa kuazimiwa kiti.

Sasa tazama zile namba tatu zilizoandikwa kando ya kila somo katika orodha. Masomo mengi ya historia yameandikwa 3-0-9. Saa 3 darasani, sifuri maabara, saa 9 za kujisomea, kila wiki. Jumla 12. Somo la maabara nalo laweza kuwa na jumla hiyo hiyo, na mtu akiangalia haraka atasema mzigo ni mmoja. Sivyo. Maabara ina zamu, ina mashine iliyowashwa, ina msimamizi anayeangalia saa. Saa 9 za historia hazina mtu. Jumatano ikipita bila wewe kuzigusa hakuna atakayejua, na Jumatano inayofuata vilevile. Wakati huo mazoezi ya saketi yanatakiwa mezani siku fulani, saa fulani, na yakichelewa alama zinakatwa. Lenye tarehe humla lisilo na tarehe. Vijana wengi wa ufundi wanaoanguka katika insia hawaanguki kwa kukosa akili wala lugha; saa zao 9 zililiwa na zoezi la somo jingine, na wao hawakuona zikiondoka.

Dawa yake ni kuzipa saa hizo mahali na jina. Zigawe 4, 3 na 2. Saa 4 ni za kusoma mara ya kwanza, katika vikao viwili, kwa sababu baada ya saa mbili mfululizo macho yanatembea lakini kichwa kimekaa. Saa 3 ni za kurudia na kuandika muhtasari wako. Saa 2 ni za kuandika, hata wiki isiyo na insha: ukurasa mmoja tu unaojibu swali moja kuhusu ulichokisoma. Huo ukurasa wa kila wiki usiuache hata mwalimu asipouhitaji. Ndiko insha zako zitakakotoka. Na vikao hivyo viwe maktaba, mbali na meza unayofanyia mazoezi ya umeme, kwani ukikaa hapo utajikuta umerudi kwenye saketi.

Kusoma ni kazi ya mikono. Najua umechoka kulisikia hilo kwangu tangu uko darasa la tatu, lakini sasa ndipo linapokuhusu. Anayesoma historia bila penseli anasafiri kwa dirisha. Atasema amepita Muheza, Korogwe na Mombo, na hatakumbuka daraja hata moja.

Kitabu cha mwanahistoria usikisome kama riwaya. Anza na utangulizi, ruka uende hitimisho, rudi kwenye orodha ya sura. Ndani ya nusu saa uwe umeandika sentensi moja: mwandishi huyu anadai nini, na anampinga nani? Kama huwezi kuandika anampinga nani, bado hujakielewa, rudi kwenye utangulizi. Baada ya hapo ndipo uingie sura, na sasa unaingia kama mkaguzi, unatafuta kama ushahidi unabeba lile dai. Kwa njia hiyo kurasa 150 za wiki zinawezekana. Ukizisoma zote kwa mwendo mmoja kuanzia neno la kwanza, hazitawezekana, na utajilaumu bure.

Chanzo asilia ni kinyume chake. Barua ya afisa, ripoti ya shamba, hati ya mahakama, utenzi: hayo yasome polepole, yote, mara tatu. Mara ya kwanza, kinasema nini. Mara ya pili, nani anasema, kwa nani, mwaka gani, kwa cheo gani, na atafaidika nini akiaminiwa. Mara ya tatu, nini hakimo ambacho kingepaswa kuwemo. Hiyo ya tatu ndiyo inayomtofautisha mwanahistoria na msomaji wa kawaida, nayo haiji mpaka zile mbili zimekwisha.

Muhtasari nao una sheria zake. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto andika maneno ya mwandishi yakiwa ndani ya alama za kunukuu, na namba ya ukurasa hapo hapo, usiseme utairudia baadaye. Kulia andika mawazo yako. Usizichanganye pande hizo. Nimesahihisha kazi za vijana walioitwa wezi wa maandishi na hawakukusudia kuiba. Walinakili sentensi bila alama, wiki tatu zikapita, wakaiona katika daftari lao wakadhani ni yao. Huko uliko kosa hilo humpeleka mtu mbele ya kamati.

Nikiandika habari za pande mbili za ukurasa namwona babu yako. Wewe ulimkuta ameshazeeka, penseli sikioni, anapigia mistari gazeti. Hukumkuta kazini. Unajua alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kwenye shamba moja upande wa Muheza, na unajua kwamba kila jioni aliandika daftari la mashine, lakini nani aliyekueleza alichokuwa akiandika? Korona inakwangua jani la mkonge kwa visu vinavyozunguka juu ya ngoma, na kati ya visu na kitako chake kuna nafasi ndogo sana. Nafasi ikizidi, nyama ya jani inabaki kwenye nyuzi za katani, ikikauka inageuka rangi na daraja linashuka. Nafasi ikipungua, visu vinakata nyuzi zenyewe na zinaondoka na takataka kwenye mfereji. Na katika uzito wa jani, katani ni kama asilimia 4 tu, mengine yote ni maji na nyama, kwa hiyo kinachopotea hapo ni kingi hata kikionekana kidogo. Basi babu yako aliandika nafasi ya visu, hali ya maji, majani yaliyoingia, na sababu ya kila kusimama kwa mashine. Miaka na miaka.

Shamba likabadilisha mwenyewe. Waliokuja wakasafisha ofisi, wakahesabu mashine, wakahesabu mabati, wakahesabu mpaka mapipa. Madaftari hayakuhesabiwa. Yaliuzwa kwa kilo, pamoja na stakabadhi. Na siku moja shangazi yako ananunua karanga hapa sokoni Ngamiani, anakunjua kile kifuko, anaona mwandiko wa baba yake. Unamjua shangazi yako. Alimrudia muuzaji akanunua karanga zote zilizofungwa kwa karatasi za namna ile, tukala karanga humu ndani mpaka mama yako akasema asizione tena. Zilipatikana karatasi chache tu. Ile uliyoiona kwenye fremu kwa shangazi ni mojawapo.

Uliiona, lakini uliisoma? Juu imeandikwa: visu nimevisogeza mimi kwa amri ya bwana shamba. Chini yake: mtu wa pampu asema mto umeshuka tangu juzi, mimi sikwenda kuona. Tazama hapo, mwanangu. Alichofanya yeye, aliyeamuru, alichoambiwa, na asichokiona kwa macho yake, kila kimoja mahali pake. Mtu aliyeishia darasa la nne. Kuna maprofesa wanaotumia muhula mzima kuwafundisha watu hilo.

Bado linanichoma. Bei ya karatasi haikuwa na maana, kilo ya karatasi ina bei yake na mtu ana haki ya kuuza. Kinachonichoma ni kwamba ofisi ile ilikuwa na watu wa vyeti, watu wa hesabu na mashine, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kwamba daftari lile ni chombo kama korona ilivyo chombo. Wakaja kuulizana kwa nini kiangazi mashine inasimama, na jibu la miaka yote limeshafungiwa karanga. Basi. Nisije nikaharibu barua kwa hasira.

Turudi kwenye insha, kwani huko ndiko wahandisi wanakopotea, na wanapotea kwa njia zinazofanana. Kwanza, wanaficha mtendaji. Katika ripoti ya maabara unafundishwa kuandika "nyaya ziliunganishwa, kipimo kilichukuliwa", na ni sawa, maana haidhuru aliyeunganisha ni nani. Katika historia, aliyefanya ndiye swali lenyewe. "Ardhi ilichukuliwa", "watu walihamishwa", "reli ilijengwa": na nani? Kwa fedha za nani? Pitia rasimu yako uzungushie kila kitenzi cha kutendwa, na kila kimoja ukipe mwenyewe. Kikikosa mwenyewe kwa sababu vyanzo vimenyamaza, andika kwamba vimenyamaza. Hiyo nayo ni habari.

Pili, orodha za nukta. Mhandisi anapenda kupanga mambo kwa vidoti, moja chini ya jingine. Vidoti vinameza "kwa sababu", "ingawa" na "hata hivyo", na hoja ya insia inakaa ndani ya viunganishi hivyo. Ukiandika nukta tano bila kusema ipi imezaa ipi, umeleta vifaa vya nyumba ukaviacha uani.

Tatu, wanaanza mbali mno. "Tangu zama za kale binadamu amekuwa akitumia nishati..." Kata. Anza na mahali, mwaka, na kitu kilichokutatiza.

Nne, ndilo kubwa, wanasubiri jibu sahihi. Zoezi la umeme lina jibu nyuma ya kitabu. Insha haina, na kijana akiliona hilo anarukia upande wa pili: basi kila jibu ni sawa, ni maoni tu. Kwa kweli majibu yanayokubalika ni mengi na yasiyokubalika ni mengi zaidi, na kinachoyatenganisha ni ushahidi. Weka katika kila insha aya moja inayobeba ushahidi mbaya kuliko wote dhidi ya dai lako, uutaje waziwazi, kisha uonyeshe kwa nini dai bado linasimama au linahitaji kupunguzwa. Wengi huiacha aya hiyo kwa woga. Mimi nikisahihisha naanza kwa kuitafuta.

Swali la insha nalo lichongwe kabla ya kusoma sana. Chukua mfano wa nyumbani. "Historia ya umeme Tanganyika" si swali, ni ghala. "Umeme wa maporomoko ya Pangani" ni bora kidogo. Sasa chonga: kituo cha kwanza cha maporomoko kilianza kazi 1936, na kile cha Hale, megawati 21, kikaja 1964. Kati ya miaka hiyo, umeme ulifika wapi kwanza, kwenye mashamba ya mkonge au vijijini vilivyokuwa kando ya nguzo, na nani aliamua? Hilo lina mwaka wa kuanzia, mwaka wa kukomea, watu wanaoweza kutajwa, na linaweza kukukatalia ulichokuwa ukikiamini. Swali lisiloweza kukukatalia liache. Na ona kwamba elimu yako ya umeme ni mtaji hapo: wewe utaisoma ramani ya nyaya na kujua palipohitajika transfoma na hapakuwekwa, wakati mwanahistoria mwingine anaona mistari tu.

Au chukua mkonge wenyewe. Kila kitabu, kila kibao cha wageni, kinasema Richard Hindorf, yule Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapandwa huku kwetu karibu na Pangani, na iliyopona ni 62. Kila mtu anairudia hiyo 62. Mwanafunzi wa historia anasimama hapo: nani aliihesabu? Aliiandika wapi, siku hizo hizo au miaka baadaye akiwa amekwisha kuwa mtu wa sifa? Na waliochimba mashimo na kumwagilia ni kina nani, majina yao yapo kwenye hati gani? Huenda 62 ikawa sahihi kabisa. Lakini utakuwa umeijua kwa kuifuata mpaka kwenye chanzo, na njiani utakuwa umekuta mengine ambayo hakuna anayeyarudia.

Ratiba ya insha ya kurasa 5, maneno kama 1,500, nakupa ile ile niliyokuwa nikiwapa vijana wangu. Siku 14 kabla, swali limeandikwa na umemwonyesha mwalimu. Siku 10 kabla, vyanzo viko mkononi. Huko kwenu kuna maktaba ya Hayden, na kama kitabu kiko chuo kingine huagizwa, lakini kuagiza kunakula siku. Siku 7 kabla, rasimu mbovu imekwisha, yote, pamoja na mwisho wake. Iwe mbovu, ila iwe nzima. Anza kuandika katikati, palipo na ushahidi. Utangulizi uandike mwisho, maana kabla ya hapo hujui unatangulia nini. Siku 4 kabla, fanya hivi: kando ya kila aya andika kwa maneno machache aya hiyo inafanya kazi gani. Aya mbili zikifanya kazi moja, moja iondoke. Ukijikuta umeandika "inaeleza zaidi", aya hiyo haina kazi. Kisha soma ile safu ya pembeni peke yake toka juu mpaka chini. Kama haileti mtiririko wa hoja, panga upya aya kabla ya kugusa sentensi. Siku 2 kabla, soma kwa sauti. Ulimi utakwama pale pale mwalimu atakapokwama.

Miadi ya kituo cha uandishi iweke mapema, maana wiki za insha zinajaa, na uende na rasimu mbovu, usiende na iliyokwisha. Ukienda na iliyokwisha watakusaidia koma. Masomo yenu ya uandishi mzito yanakutaka urudishe walau insha moja ikiwa imeandikwa upya. Wengi wanasahihisha tahajia wakarudisha. Wewe fungua ukurasa mtupu, weka rasimu ya zamani pembeni, andika tena. Kusoma ni kazi ya mikono na kuandika vilevile, na hakuna fundi anayeona haya kufungua mashine aliyoifunga jana.

Hapa najipinga mwenyewe. Kurasa zote hizi nimekuwa nikikuonyesha insia inavyomfaa mhandisi: saa, ushahidi, ramani za nyaya. Na mimi ndiye niliyekuwa nikibishana na wakuu wa idara waliotaka somo langu lihesabiwe kwa idadi ya vijana waliopata kazi. Nilikuwa nikiwaambia, mtu asome utenzi kwa sababu utenzi ni utenzi. Naamini hivyo mpaka leo. Lakini pia mjomba wako yuko hapa kila Ijumaa, anauliza historia italipa nini, na siwezi kumjibu kwa utenzi, maana aliuza kiwanja cha Makorora tukupatie nauli na vya kuanzia. Kwa hiyo nashika yote mawili, na nikishika moja linateleza jingine. Nimejaribu kuyafunga pamoja, hayafungiki vizuri. Pengine hayakupaswa kufungika.

Maana angalia isimu, elimu ya lugha, hapo hapo chuoni kwenu. Wakati wa vita, 1943, walijenga kwa haraka jengo la mbao, Jengo 20, la muda tu, kwa ajili ya utafiti wa rada. Vita vikaisha, jengo likabaki, likawa la kila aliyekosa mahali pazuri. Noam Chomsky, mtu wa isimu, alipofika 1955 aliajiriwa kwenye maabara ya elektroniki, katika mradi wa kutafsiri lugha kwa mashine, humo humo ndani ya mbao. Kutoka humo ilikua idara iliyobadili namna dunia nzima inavyoisoma lugha. Jengo lilibomolewa 1998, idara ipo. Mhandisi atasema: unaona, insia ilifaidika kwa kukaa na elektroniki. Mtu wa lugha atasema: unaona, elektroniki haikuwa na jibu la lugha mpaka akaja mtu wa lugha. Nami nikiwasikiliza wote wawili nawakubali wote wawili, na hilo linaniudhi.

Sasa swali lako. Jibu ninalo, mwanangu. Liko hapa kwenye ncha ya kalamu na mama yako ananitazama niliandike. Siliandiki, kwani nikiandika "hama" utahama kwa ajili yangu, na nikiandika "baki" utabaki na kunihesabia miaka. Nitasema tu kwamba milango si miwili. Kuna ile shahada ndogo ya historia, inayosomwa kando ya shahada yako kuu, masomo 6, na mengi yake yanahesabiwa pia katika yale 8 ya lazima, kwa hiyo mzigo unaoongezeka ni mdogo kuliko unavyodhani. Kuna kozi mbili kwa pamoja, nzito, inayotaka mtu asiyeugua. Kuna kuhama kabisa. Na nitasema hili, ingawa najua linaelekea kuwa hukumu: muhula ujao chukua semina moja ya historia yenye uandishi mzito, usiipange na maabara yako ngumu kuliko zote, uiangalie mikono yako katika zile saa 9. Ikiwa inazikimbia, utajua. Ikiwa inaziiba kutoka kwa saketi, utajua pia, na hapo usinipigie simu kuniuliza.

Kabla ya tarehe ya kubadilisha masomo, mwone mshauri wako na maswali haya yakiwa yameandikwa. Ni masomo gani ya umeme uliyokwisha kuyapita yatakayobaki na thamani ukihama? Msaada wako wa ada unafunika mihula mingapi, na utakoma ukizidisha mmoja? Tasnifu ya historia inaanza muhula gani, na swali lake linatakiwa lini? Semina ya muhula ujao anafundisha nani, na je, unaweza kuona insha aliyoipa alama za juu mwaka uliopita? Majibu yatume kwa simu ya shangazi yako, yangu imejaa picha. Naye amesema ataitoa ile karatasi kwenye fremu aipige picha mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mlangoni, na rula pembeni kuonyesha ukubwa. Nyuma kuna maandishi mengine ya babu yako, yamefifia, ambayo hakuna aliyeyasoma yakaisha. Anza nayo.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama lile koti zito ulilinunua.

Baba yako